Keki Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Nimechoka. Mwaka wa sita sasa mimi ni kaimu mkuu wa masjala. Neno "Kaimu" limeandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa mlangoni pangu, mbele ya "Mkuu wa Masjala", kana kwamba litabanduliwa kesho. Kesho ya miaka sita! Leo barua imekuja hatimaye. Usaili wa nafasi hiyo ni Alhamisi. Tuko wawili: mimi na yule kijana wa meza ya dirishani, niliyempa jina la Shahada kwa kuwa hamalizi sentensi tatu bila kuitaja shahada yake. Ana ndevu zake kamili, na bado ananiita mama.

Shida yangu ni usaili wenyewe. Nimeshakaa mbele ya jopo mara mbili. Mara zote mikono ilitetemeka, moyo ukaenda mbio, nikasahau hata ninafanya kazi gani. Jioni nikapita zahanati kwa wifi yangu, muuguzi, nikamwomba dawa ya woga. Akauliza ninakula nini kutwa. Nikamwambia: chai vikombe sita, vijiko vinne kila kikombe, mkate mweupe na jemu, soda saa kumi. Chakula sina muda nacho. Akanitazama vile ninavyotazama faili lililoliwa na panya.

Akaeleza. Sukari na mkate mweupe, hasa tumbo likiwa halina kitu kingine, huingia damuni upesi na mtu anachangamka. Baada ya saa moja au mbili, kwa watu wengine, sukari hiyo inashuka kwa kishindo, na mwili unaipandisha kwa vitu vilevile unavyotoa mtu akiogopa. Ndiyo jasho, mtetemo, moyo mbio, hasira bila sababu. Akasema nipunguze kidogo kidogo, nile mayai, maharage na mboga. Akaongeza kwamba woga una mizizi mingi, na kwamba mzizi wangu mmoja ni hila. Wifi ni wifi.

Hayo ya mwisho sikuyasikia vizuri. Nilikuwa bado nakifikiria kile kishindo.

Jumanne, 4 Juni

Mpango una pande mbili. Mimi naacha sukari kabisa, kuanzia leo. Wifi alisema kidogo kidogo, lakini wifi hana usaili Alhamisi. Upande wa pili, Shahada apate sukari ya kumtosha: keki sita za krimu, saa mbili na nusu asubuhi. Saa nne awe mbele ya jopo, anatoka jasho na kuwakemea wakubwa.

Ratiba ya usaili huchapwa masjala. Yaani na mimi. Nimemwandika Shahada saa nne na kujiandika mwenyewe saa tano na nusu, wakati jopo limeshachoshwa na wazimu wake. Hakuna aliyeuliza. Kabla ya kutoka nikabandua kile kipande cha "Kaimu" na kukitia kwenye droo. Mlango umependeza.

Nyumbani nikamweleza mume wangu, Baba Pacha, akiwa anapiga pasi. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia sichimbi kisima, nanunua keki.

Jumatano, 5 Juni

Kichwa kinauma tangu alfajiri. Chai bila sukari ni maji ya kuoshea birika. Hadi saa tatu nilikuwa nimegombana na mhudumu wa chai, mlinzi, na mashine ya kutoboa karatasi. Saa sita mkurugenzi alipiga simu akiomba faili la likizo. Nikamwambia miguu anayo. Kisha akasema kwa upole kwamba atakuja kulichukua, na akaja. Ndiye mwenyekiti wa jopo.

Shahada akaniuliza kama nimekula kweli. Kumbe huja na kopo la mayai ya kuchemsha na maharage kila siku. Akanigawia. Nikakataa, sili chakula cha mpinzani. Saa tisa nikakila. Ajabu, jioni nilikuwa mtulivu kabisa. Bila shaka ni dua za mama mkwe.

Lakini hayo mayai yanaweza kumkinga. Nimeongeza keki, ziwe kumi na mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeula wa chuya.

Saa mbili na nusu nilimwekea boksi mezani. Nikamwambia ni keki za kumtakia heri, ale zote mwenyewe, asibakishe. Machozi yakamlengalenga. Akasema tangu aajiriwe hapa hakuna aliyewahi kumletea hata karanga. Nilijisikia vibaya kwa dakika nzima. Ikapita.

Saa nne kasoro dakika tano akainuka na boksi mkononi, halijafunguliwa. Nikamuuliza anakwenda nalo wapi. "Mama, keki nzuri hivi mtu hawezi kula peke yake. Wakubwa wamekaa tangu asubuhi bila kitu." Nikalishika boksi ili nimnyang'anye. Akanishukuru kwa kumsaidia kubeba.

Kati ya masjala na chumba cha mkutano kuna ukuta wa mbao tu. Nilisikia yote. Vicheko. Hata mhasibu, ambaye sijawahi kuyaona meno yake, alicheka. Mkurugenzi akawa anasema, endelea kijana, endelea.

Saa tano na nusu nikaingia. Niseme ukweli, sijawahi kuwa mtulivu hivyo maishani mwangu. Asubuhi Baba Pacha alikuwa amenilazimisha kula mayai na sahani ya maharage. Mikono imetulia. Majibu yote ninayo, majibu ya miaka sita. Mbele yangu mhasibu ana krimu kwenye tai na anagombana na feni. Mama wa makao makuu anafuta jasho, vidole vinamtetemeka, anauliza kama kuna chai nyingine. Mkurugenzi anapiga miayo mpaka nakiona kimeo chake. Nilipoanza kueleza nilivyopanga upya mafaili ya wastaafu, ili mzee asizungushwe tena kutafuta karatasi zake, akanikata. Akasema kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake kwamba nimesikika, na kwamba miguu ninayo.

Dakika saba. Nikaenda chooni nikalia. Kazi hii naipenda, na siku pekee niliyojua kuisemea hapakuwa na wa kunisikiliza.

Ijumaa, 7 Juni

Barua zote za ofisi hupitia masjala. Kwa hiyo niliifungua mwenyewe, nikaigonga muhuri wa "Imepokelewa", nikaipa namba, nikaiandika daftarini. Shahada ameteuliwa. Sababu: utulivu, na moyo wa kuwajali wenzake. Nikampelekea kwa mkono wangu kama taratibu zinavyotaka. Akanikumbatia mbele ya watu wote na kusema ni keki za mama.

Jioni wifi alikuja. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza nilikula nini asubuhi ya usaili. Nikamwambia mayai na maharage. Akauliza nilijisikiaje. Nikasema vizuri mno. Akabaki ananitazama, anangoja. Sikujua anangoja nini.

Jumatatu, 10 Juni

Barua nyingine. Mkuu mpya wa masjala anakwenda mafunzoni miezi mitatu. Katika kipindi hicho ofisi itakuwa chini ya kaimu. Kaimu ni mimi. Nikaigonga muhuri hiyo pia.

Nilitoa kile kipande kwenye droo. Hakishiki tena, na gundi ya ofisi imekwisha, nikakibandika kwa jemu.

Si neno. Mhudumu wa chai ameninong'oneza kwamba mwezi wa tisa kuna usaili wa mkuu wa stoo. Nimelitafakari jambo hili kwa kina na kosa nimeliona: saa. Safari hii nitajiandika saa nne, na boksi nitaliingiza mwenyewe. Keki ishirini na nne. Nimerudia chai yangu ya vijiko vinne, maana mipango inataka akili iliyochangamka. Hiki ni kikombe cha tano, na mkate.

Mikono inatetemeka kidogo ninapoandika, na moyo unakwenda mbio. Itakuwa ni furaha.