Tumbo la Ukoo wa Pyo

Pyo Gwang-sik alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya moto ya bafu la mvuke, mjini Daegu, taulo usoni, kama maiti anayesubiri kuoshwa. Si kwamba alikuwa amechoka. Mtu asiye na kazi achoshwe na nini? Pale ndipo palipokuwa ofisi yake. Wanawake wenye majumba wakishatoka jasho na kumenya yai la kuchoma, ndimi zao hulegea, na Gwang-sik alikuwa na masikio ya sungura.

Siku hiyo aliyelegea ulimi alikuwa Bi Ok Jeong-rye, mjane mwenye maghorofa nyuma ya soko la Seomun.

"Mkamwana wangu kaniharibia mjukuu," alimwambia shoga yake. "Da-eum ana miaka minne, tumbo lake vita kila siku. Leo limefunga, kesho limefunguka. Na daktari wa kwenye televisheni kasema wazi: vijidudu vya tumboni hurithiwa. Mama anampa mtoto siku ya kumzaa, halafu wanaokula naye na kumbusu wanaongezea. Sasa huyo mama katoka ukoo gani? Wauza magodoro wa Pohang! Nimeshamwambia mwanangu, mkewe arudi kwao. Mtoto abaki, nimtafutie tumbo jingine."

"Tumbo linatafutwa duka gani, shoga?"

Wakacheka. Chini ya taulo, maiti akafumbua macho.

Haukupita muda, Gwang-sik alikuwa amepiga magoti mbele yao na vikombe viwili vya sikhye, togwa tamu ya mchele, ya baridi.

"Samahani, mama zangu. Sikukusudia kusikiliza, ila masikio hayana mlango. Mimi ni wa ukoo wa Pyo, wa Andong, mji wa mabwana wa kale. Bibi yangu ana miaka tisini na nne, anatafuna pilipili mbichi kama tango na hajawahi kumeza kidonge cha tumbo. Mama yake hivyo hivyo, na bibi yake hivyo hivyo. Vijidudu vyetu vimepokezana tangu enzi za wafalme, mama kwa binti, mnyororo haujakatika."

Bi Ok akamkagua juu mpaka chini. "Wewe mbona mwanamume?"

"Nilitafuniwa, mama. Bibi ndiye aliyenilea. Kila tonge nililokula lilipita kwanza kwenye meno yake."

Tusimcheke Bi Ok haraka. Katika nchi hii watu walishawahi kununua mababu. Wenye midomo walisema babu wa babu yake mwenyewe alikuwa muuza chumvi mpaka siku alipouza chumvi ya kutosha, akajinunulia ubwana na makaburi ya kuuthibitisha. Kwa mtu wa damu hiyo, kununua vijidudu ilikuwa hatua fupi.

Wakakubaliana. Bibi angekuja kukaa nyumbani kwa Bi Ok majira yote ya vuli, ale chungu kimoja na mtoto, ambusu asubuhi na jioni. Nusu ya malipo siku ya kufika, nusu tumbo likitulia.

Tatizo lilikuwa dogo tu. Bibi yake Gwang-sik alikufa zamani, na maisha yake yote alilala na chupa ya maji ya moto tumboni.

Basi akaenda sokoni kutafuta bibi. Alimpata kwenye kona ya wauza vyakula: Tak Bun-nyeo, muuza jeli ya njugu za mwaloni, uso umekunjamana kama pichi kavu, shingo imenyooka kama ya malkia.

"Kazi yenyewe ni nini?" aliuliza bibi huku akikata jeli.

"Kula."

"Kula tu?"

"Kula, kumbusu mtoto na kukaa kimya."

"Kula na kubusu nakubali. Hilo la tatu bei yake mbali."

Gwang-sik alicheka. Asingecheka kama angejua kwamba bibi huyo, enzi za usichana wake, aliwauzia matajiri wa miji yote ya mto Nakdong mizizi ya kawaida ya mlimani akiiita jinsengi ya porini, na kwamba baadhi yao walipona.

Siku ya kuingia alimvalisha hanbok, vazi la heshima la jadi, ya kukodi. Bi Ok akamwinamia mpaka paji la uso likagusa sakafu. Akaitoa bahasha nene, akamnyooshea Gwang-sik. Kabla vidole vyake havijaigusa, sauti ikamkata:

"Gwang-sik! Tangu lini mjukuu anashika pesa mbele ya bibi yake?"

Angefanya nini? Mtu wa ukoo bora humpa mkubwa wake kwa mikono miwili. Akaipokea, akampa. Bahasha ikazama ndani ya sketi pana ya hanbok, haikuonekana tena.

"Bibi, tulikubaliana nini?" alimnong'oneza walipobaki wawili kibarazani.

"Tulikubaliana mimi ni bibi yako. Nikande miguu."

Akamkanda. Kila alipokuja kudai chake alikuta Bi Ok yupo, na mbele ya Bi Ok ilibidi akande, amenye vitunguu saumu, na mara moja akate kucha za miguu ambazo sitazieleza.

Bibi naye alifanya kazi aliyoajiriwa. Alipika mchuzi wa doenjang, soya iliyochachushwa, wakauzunguka na vijiko vyao, chungu kimoja. Alimbusu Da-eum mashavuni mpaka mtoto akaanza kumkimbia akicheka. Na kila asubuhi, Bi Ok akitoa kopo lake la dawa ya pembe za kulungu na pakiti za unga wa kutuliza tumbo, bibi alisema, "Niachie, nitamnywesha mimi," kisha akavimwaga kwenye sinki. Hakuwa na nia ya uganga. Harufu ya ile dawa ilimkata hamu ya kula.

Tumbo la Da-eum likatulia.

"Vijidudu vya Andong!" Bi Ok aliwapigia simu shoga zake wote. "Vimeingia na miguu yote!"

Aliyejua siri alikuwa mkamwana, Mo Yun-seo, mwanamke mpole aliyeajiriwa benki. Asubuhi moja alisimama mlangoni mwa jikoni.

"Bibi, nimekuona ukimwaga."

"Na mimi nimekuona ukifungasha sanduku," alijibu Bun-nyeo bila kugeuka. "Funga mlango. Wasengenyaji hukaa karibu."

Hapo Bi Ok, ambaye hakuupata utajiri kwa kuamini watu, akataka ushahidi kabla ya kutoa nusu ya pili. Alikuwa amesikia kuna maabara inayopima vijidudu na kuonyesha nani kafanana na nani. Akagawa makopo: la bibi, la Gwang-sik, la Da-eum, la Yun-seo, na lake mwenyewe.

"Kama mnyororo upo, vya bibi na mjukuu wake vitafanana," alisema. "Na mwanangu atasikia kwa masikio yake ubovu wa mtoto umetoka kwa mama."

Yun-seo alilishika kopo lake kama aliyepewa hati ya kuachwa.

Gwang-sik, ambaye tumbo lake lilijengwa kwa tambi za pakiti na pombe ya soju, alimfuata bibi uani.

"Bibi, niokoe. Niuzie."

"Nikuuzie nini?"

"Unajua."

"Sijui. Taja."

Akataja. Mtu aliyeuza hewa tangu ubarobaro wake, leo alikuwa anabembeleza anunue mavi. Dunia ina uchumi wake.

"Ya jana au ya leo?" aliuliza bibi.

"Bibi!"

"Ya leo ni ghali. Jana nilikula uyoga wa mlimani."

Alimpa saa yake ya mkononi na kila kilichokuwemo mfukoni. Kesho yake akapokea kopo lililofungwa kwa kitambaa cha hariri, fundo zuri kama zawadi ya harusi, akalipeleka maabara kwa mikono miwili.

Majibu yalikuja Jumapili, familia nzima ikiwa mezani kwenye samaki. Bi Ok aliiweka simu katikati ya vibakuli, sauti juu, ili mwanawe asikose neno.

"Tuanze na mtoto," alisema mwanamke wa maabara. "Vijidudu vyake na vya Bi Ok vinafanana sana. Kuliko hata vyake na vya mama yake. Mtoto huyu analishwa na nani?"

Bi Ok akajitia kuchambua miiba ya samaki.

"Na bibi yake," alisema Yun-seo taratibu. "Mimi huwa kazini. Anaonja kijiko kwanza, ndipo anampa."

"Napuliza tu!" alifoka Bi Ok. "Na... na ngisi mkavu. Ngisi namtafunia. Meno yake bado madogo!"

"Basi kuna vingi amevipata kwako. Tumbo lako wewe halikusumbui?"

Mwanawe alikohoa. Jengo zima lilijua Bi Ok akiingia chooni na gazeti hutoka ameshamaliza na matangazo ya vifo.

"Tuache hayo," alisema Bi Ok, masikio mekundu. "Bwana Pyo na bibi yake je?"

"Hapo tulitaka kuuliza. Kilichomo kwenye kopo la Bwana Pyo ni chake mwenyewe?"

"Changu kabisa," alijibu Gwang-sik, kifua mbele. "Cha ukoo."

"Tumepima mara ya pili, tusije tukamkosea mtu. Ni cha mbwa."

Chini ya meza Kongi, mbwa mweupe wa nyumba, akapiga chafya.

Gwang-sik akaruka. "Kaniuzia huyu! Huyu si bibi yangu! Anauza jeli sokoni, nimemwokota sokoni!"

Bun-nyeo akaweka kijiko chini. Akatoa chozi moja, akaliacha lishuke lenyewe kupitia mikunjo yote.

"Kila tonge nilimtafunia," alisema. "Leo kanikana mbele ya samaki."

Bi Ok alinyakua figili nzima kutoka kwenye beseni la achari ya kimchi, na nasikia ilikuwa figili nzito. Gwang-sik alikula kona na soksi, akishuka ngazi tatu tatu, viatu vyake vikibaki mlangoni vimepangwa vizuri.

Bi Ok alirudi mezani akihema. Hakuomba radhi, alikuwa hajawahi, na umri ule si wa kuanza. Alichukua mnofu mnono wa samaki, ule wa shavuni, akauweka kwenye bakuli la Yun-seo.

"Kula," alisema. "Umekonda."

Yun-seo akala, machozi yakimlengalenga. Usiku ule sanduku lilirudi juu ya kabati, tupu.

Bun-nyeo aliondoka vuli ilipokwisha, amevaa koti jipya la manyoya, zawadi ya Bi Ok kwa bibi aliyetupwa na mjukuu. Yun-seo alimsindikiza stendi pamoja na Da-eum.

"Bibi, niambie kweli. Wewe ni wa Andong?"

"Andong nilipita mara moja, mwanangu. Nilikuwa nimelala ndani ya treni."

Da-eum akadai busu, akapewa mawili. Yun-seo akacheka huku akimfuta mtoto shavu.

"Sasa hivi vijidudu ulivyotuachia ni vya wapi?"

"Vya sokoni," alisema Bun-nyeo, akipanda basi. "Mtoto huyo hata umlishe mawe, atayayeyusha."