Mwiko wa Pilau na Figo za Doto

Jumanne, 12 Agosti. Kiwangwa.

Dhuluma! Dada Mwanamvua kaamua: sishiki mwiko wa pilau arusi ya mwanawe Adila, Jumamosi hii, mpaka nesi athibitishe presha yangu ni nzuri. Eti kwenye hitima nilianguka mekoni. Sikuanguka. Nilikaa chini ghafla. Mwiko huo kaniachia marehemu baba, na ukinitoka mkononi utakwenda kwa shemeji Ishaka, mtu anayepika wali ukawa uji. Ishaka akadakia kuwa afya kwanza. Mnafiki!

Nimekwenda zahanati. Nesi mpya, binti wa Msata, Jasmin. Kaniamkia vizuri, kanifunga mkanda mkononi. Presha juu! Akauliza kama nakula chumvi. Nikamwambia nyumbani kwangu chumvi haionekani. Kweli tupu, mke wangu Kuruthumu kaificha tangu jana. Ng'onda wangu, samaki waliokaushwa kwa chumvi mpaka wakawa weupe, hakuniuliza. Wako kwenye debe la mbegu.

Akanieleza habari za figo. Ndizo zinazochuja damu na kutoa chumvi na maji ya ziada. Chumvi ikizidi zinashindwa kuitoa yote, inayobaki inashikilia maji, damu inajaa na kusukuma kuta za mishipa. Presha hiyo nayo inaziumiza figo, zinazidi kushindwa. Tena figo zikiona damu inayozifikia ni kidogo, hudhani mwili umekauka, basi huamrisha mishipa ijibane na chumvi isitoke.

Hapo nikaelewa. Figo zangu zinadhani nimekauka! Dawa ni maji. Jasmin alikuwa bado anasema, ana vidonge mkononi. Nikaaga. Akasisitiza nirudi Alhamisi.

Alhamisi, 14 Agosti.

Nimekunywa maji tangu alfajiri, na madafu juu yake. Benchi la zahanati limejaa. Nilipofungwa mkanda nilikuwa nimebana miguu, jasho linanitoka. Presha imepanda kuliko juzi! Jasmin akasema kibofu kikijaa presha hupanda, akanituma chooni nirudi kupimwa upya. Nilikaa huko muda mrefu. Huko huko nikapata akili, nikatokea mlango wa nyuma.

Pacha wangu Doto kafika leo kutoka Ubena kwa ajili ya arusi. Sura moja, sauti moja, hata upara mmoja. Hajawahi kuugua, maana hajawahi kwenda hospitali. Kesho atapimwa kwa jina langu. Kasema kichwa kinamgonga na miguu imevimba. Nikamwambia ni uchovu wa basi. Tumekula ng'onda pamoja, anawapenda kuliko mimi.

Ijumaa, 15 Agosti.

Doto kaondoka baada ya swala, kavaa kofia yangu. Hakurudi. Jasmin kampima, kapima na mkojo, kisha kamtafutia gari la haraka kwenda hospitali Bagamoyo. Kijiji kizima kinajua Kulwa yu mahututi. Kulwa ni mimi!

Dada analia uani. Ishaka kashika mwiko wa baba. Nikajitokeza, nikasema mimi ni Doto, nitapika mimi badala ya ndugu yangu. Dada akafuta machozi, akaniangalia.

“Doto, wewe hata maji ya chai yanakuungulia,” akasema.

Nimemenya vitunguu saumu mpaka magharibi. Kuruthumu kapita karibu yangu, kanusa mara moja harufu ya ng'onda, kanitambua. Kasema mbele ya watu wote kuwa mimi ni Kulwa.

Jumapili, 17 Agosti.

Arusi imepita. Pilau la Ishaka lilikuwa zuri. Naandika hapa tu, sitalisema popote.

Nimekwenda Bagamoyo. Doto kalala na dripu, kapungua ghafla. Daktari kasema presha ya miaka mingi imeziharibu figo, zimeanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Angechelewa kidogo zingekufa kabisa. Nilidhani atanitukana.

“Ungekwenda mwenyewe, Kulwa,” akasema, “ningekufa Ubena nikidhani ni uchovu wa basi.”

Nililia. Sioni haya kuandika. Nilikaa nimemshika mguu wake uliovimba, nikaapa mbele ya Mungu kuacha chumvi na hila. Daktari akaagiza na mimi nipimwe haraka, kwa kuwa sisi ni pacha na sahani yetu ni moja. Dada kaongeza lake: Maulidi yanakuja, mwiko utanirudia siku Jasmin atakaposema presha yangu ni nzuri. Kabla ya hapo nisiusogelee.

Jumapili, 24 Agosti.

Alhamdulillahi! Doto katoka hospitali, kafikia kwangu. Anameza vidonge vyake kwa wakati, hagusi chumvi, miguu imerudi kuwa miguu. Leo kapimwa hospitali kabla ya kuruhusiwa, presha yake imeshuka vizuri mno. Nimefurahi toka moyoni. Nilimtazama usingizini nikamshukuru Mungu kwa uhai wake.

Nikaendelea kumtazama. Sura moja. Upara mmoja. Presha nzuri.

Zahanati inafunguliwa kesho asubuhi. Nimeshaifua ile kofia, iko kwenye kamba. Doto nitamweleza akiamka. Nimekula ng'onda mmoja tu, wa kupata nguvu ya kumweleza.