Kabati la Kioo Mlangoni

Jumatatu, 3 Juni
Siku kubwa! Mama mwenye duka la mapambo ametangaza kwamba Alhamisi atachagua sonara mmoja, na kazi za huyo zitakaa kwenye kabati la kioo pale mlangoni. Kabati lenye taa! Siku zote nafua fedha nyuma ya pazia huku sifa zikienda kwa shemeji. Sasa basi. Nataka mke wangu apite pale na wenzake, aseme huyo ni mume wangu.

Shemeji, kaka wa mke wangu, tunatumia naye karakana moja. Ameshaanza kufua kombe la fedha. Tik tik tik, mstari mmoja mmoja, jicho kwenye kombe la kweli, gamba la baharini alilolichemsha na kulisugua. Maskini. Kipaji hakitafutwi kwa nyundo.

Jumanne, 4 Juni
Akili ni mali! Kwa nini niige gamba wakati bahari imeshalitengeneza? Nimekwenda ufukweni, nimeokota magamba mazuri ya konokono wa bahari, nimeyatia kwenye boksi na mwani mbichi yasipoteze rangi. Nitalivika moja kofia ya fedha, nitie na mkufu. Kidani tayari!

Mke wangu ameuliza kama nimeyachemsha. Eti kila anayefanya kazi ya magamba huchemsha kwanza. Nimemjibu kuwa mimi ni sonara, si mpishi.

Jumatano, 5 Juni
Kofia imekaa! Nimeichora mawimbi kuizunguka, membamba kama unywele. Mkono wangu huu! Nimeitazama mpaka machozi yakanitoka. Shemeji naye ameisifu kofia, ila akasema gamba linanuka. Wivu huo.

Jambo moja tu. Kidani nilikiacha upande huu wa meza, nikakikuta upande ule. Nimemshtakia mke wangu kwamba kaka yake anachezea kazi yangu. Akaguna. Akasema hata sasa sijachelewa kuchemsha. Nikamwambia kizuri chajiuza.

Alhamisi, 6 Juni
Aibu! Lakini nitaandika.

Mama mwenye duka alitandika kitambaa cheusi. Kombe la shemeji huku, kidani changu huku. Akainama, akasema hajawahi kuona kofia iliyofuliwa kwa ustadi hivi. Nikatoa kifua mbele. Nikamtupia shemeji jicho.

Kidani kikaota miguu. Kaa! Kaa mdogo, mpangaji wa lile gamba. Akachungulia, akatazama huku na huku, akaondoka na kofia yangu na mkufu wangu, akavuka kitambaa chote, akajificha chini ya kombe la shemeji. Mama mwenye duka alikuwa ameshapanda kiti.

Shemeji ndiye aliyemkamata, akaibandua kofia polepole, akamrudisha mwenyewe baharini. Kabati amepewa yeye. Njiani mke wangu aliimalizia methali yangu: kibaya chajitembeza. Alicheka hadi akakaa chini. Mimi niliumia, sifichi.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji amemwomba mama mwenye duka aiweke kofia yangu kwenye rafu ya chini kabisa. Ananibembeleza pia nimfulie kofia nyingine za kuvika makombe yake. Nimekubali kwa kumhurumia. Peke yake hafiki mbali.

Mchana mke wangu alipita na wenzake. Waliinama wote. Akawaonyesha kofia, akasema huyo ni mume wangu, nao wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sijawahi kufurahisha watu wengi hivyo kwa siku moja.

Na nikifikiria vizuri, masonara wengine hujivunia kwamba kazi zao zina uhai. Ya nani imewahi kutembea? Yangu!

Nimeshachagua gamba la kidani kipya, kubwa kuliko lile. Mke wangu ameniwekea sufuria ya maji jikoni. Nimechemsha chai. Yule kaa ilikuwa bahati mbaya tu, na bahati mbaya hairudi nyumba moja.

Boksi la magamba linakwaruzakwaruza tangu asubuhi. Panya hao. Kesho nanunua mtego.