Amri Moja Tu

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa chuo anataka vyeti vya wastaafu thelathini na mmoja ifikapo Ijumaa. Mama yangu mzazi yumo! Miaka thelathini na mbili jikoni, na cheo cha Mpishi Mkuu wamempa mwaka jana tu. Ameshapanga pa kukitundika sebuleni. Tatizo ni kanzidata, hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta ya chuo: vyeo vyote vimeandikwa kwa herufi kubwa tupu, "BI MPISHI MKUU". Mkuu anataka "Bibi Mpishi Mkuu". Katibu muhtasi, tunayemwita Bi Miwani, akasema nimpe orodha, ataiandika upya kabla ya chai. Kwa mkono! Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata. Natoa amri moja tu, mashine inatii.

Jumanne, 4 Juni
SQL yetu hapa inajua kukuza herufi zote. Inajua kupunguza zote. Kukuza ya kwanza ya kila neno? Haijui! Nimepata "Bi mpishi mkuu". Nikakata penye nafasi, nikaunga. "Bi Mpishi mkuu". Amri ina mistari arobaini sasa. Bi Miwani akapita, akauliza kama bado. Nikafunika skrini kwa faili. Sibanduki hapa.

Jumatano, 5 Juni
Ushindi! Mistari sitini na mitatu, herufi zimekaa sawa. Imebaki "Bi" iwe "Bibi". Kazi ya kitoto. Nikaamuru: kila penye "Bi", weka "Bibi". Nikatazama. Vilevile. Nikaamuru tena. Vilevile! Mara ya tatu nikaamuru kwa hasira. Mchapaji wa vyeti akapiga simu kwamba anafunga duka. Nikamtumia orodha hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Juni
Mungu wangu! Skrini ilikuwa inaonyesha ukurasa wa zamani. Mashine ilitii mara zote tatu, tena haikuchagua: kila "Bi" na kila "bi" iliyoiona ikawa "Bibi". Hata Afisa Biashara sasa ni "Afisa BibiBibiBibiBi", kisha cheti kimemkata, maana nafasi inabeba herufi ishirini tu. Mchapaji anasema vyeti vimeshachapwa na karatasi zimekwisha. Nimwambie Bi Miwani? Afadhali nimeze kipanya cha kompyuta. Nimesahihisha kanzidata. Huko sasa mambo safi kabisa.

Ijumaa, 7 Juni
Mshereheshaji akasoma cheti cha Mama bila huruma: Bibi, Bibi, Bibi, Bibi, Mpi. Akakigeuza kuona kama kinaendelea nyuma. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama hakucheka. Nyumbani akasema polepole kwamba yeye alikuwa analitaka lile neno "Mkuu" tu. Imeniuma sana.

Jumamosi, 8 Juni
Bi Miwani kaja na cheti kipya, na saini ya mkuu wa chuo juu yake. Kakiandika kwa kalamu, dakika tano! Mama alilia kwa furaha. Msumari nimepigilia mimi mwenyewe. Kimependeza, sikatai, ila ile "M" ya pili imelala kidogo.

Kesho Mama ana wageni tisa wa kumpongeza. Ameniomba nimwandikie majina yao kwenye karatasi, kwa kalamu, tafadhali mwanangu. Nimemwambia atulie. Kompyuta imeshawaka. Ni amri moja tu.