Nyumba ya Shangazi kwa Bei ya Mfumo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa aliyekuwa Makamu kabla ya kukosana na Mwenyekiti, wakuu wa idara, manaibu wao na makaimu wa manaibu hao, viongozi wa dini zote na wa vikundi vyote vya kuweka na kukopa, Shangazi yangu mpendwa uliyeketi hapo mbele na mkoba wako mapajani, ndugu yetu mwoka mikate, wazazi, vijana, nanyi mliosimama dirishani kwa sababu viti vimekaliwa na mabegi ya wageni waalikwa: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wastani.)

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, mimi kijana wenu wa zamani, leo mkuu wa ofisi ya ardhi, ambaye siku hizi kitambi humtangulia jukwaani kama mlinzi (kicheko), kuzindua rasmi, hapa kando yangu chini ya kitambaa, Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Kukadiria Thamani ya Sasa ya Nyumba Zinazojitegemea, yaani zile zilizosimama peke yake uwanjani bila kuegemea ukuta wa jirani, mfumo ambao, kwa mujibu wa utafiti uliofanywa na ofisi yangu juu ya ofisi yangu, umewaridhisha asilimia tisini na nane ya walioulizwa, na yule mmoja aliyebaki tumemhamisha kitengo.

Zamani, ndugu zangu, mtu akitaka kuuza nyumba alimwita dalali, dalali akatazama paa, akatazama shida za mwenye nyumba, akatazama viatu vya mnunuzi, kisha akataja bei. Hiyo si sayansi. Mfumo hautazami viatu vya mtu. Mfumo unachukua bei ambazo nyumba za aina hiyo zimewahi kuuzwa mtaani hapo, unazichambua, unazioanisha, unazichakata, halafu unakupa thamani ya leo, na ndiyo maana kwa mwaka mzima nimezuia mtu yeyote asiuze hata kibaraza kabla Mfumo haujasema. (Sauti kutoka dirishani: "Mwaka na nusu.") Nashukuru kwa takwimu hiyo, tutaiingiza.

Tuchukue mfano hai. Nyumba ya Shangazi mnaijua wote: vyumba vinne, sebule, jiko la nje, na ule mlango mzito ambao marehemu mumewe aliupiga randa kwa mikono yake. Shangazi anataka kuiuza akaishi karibu na binti yake, ambaye ana mtoto mchanga na kazi ya zamu, na hana wa kumwachia mtoto. Mwoka mikate yuko tayari kumpa milioni arobaini, na kwa ajili hiyo amekuwa akinifuata ofisini kila asubuhi na mikate ya moto, ambayo, kwa kuzingatia maadili ya utumishi wa umma, nilikuwa naila nje ya jengo. (Kicheko kirefu.)

Lakini hiyo arobaini imetoka wapi? Kichwani mwake. Sisi tuliuuliza Mfumo, nao ukatafuta nyumba ya aina hiyo iliyowahi kuuzwa mtaani, ukaipata moja tu, ile ya ng'ambo ya barabara, sawa kabisa na ya Shangazi kwa ramani na kwa ukubwa, iliyouzwa miaka michache iliyopita kwa milioni nne. (Mtu anakohoa.) Naam, ni yangu. Niliinunua kwa mwalimu mstaafu, na bei hiyo niliitamka kwa kinywa changu mbele ya watu wa ushuru, kwa nia njema ya kuwapunguzia kazi ya kuhesabu. (Mwalimu mstaafu anasimama. Mkewe anamvuta shati. Anakaa.) Mtaniuliza kama soko halijapanda tangu hapo. Limepanda, ila kipengele cha kupanda kimo katika awamu ya pili. Cha kushuka ndicho kilichokamilika.

Kwa hiyo nyumba ya Shangazi thamani yake ni milioni nne, na mwoka mikate haruhusiwi kuzidisha. Na kwa kuwa sipendi damu yangu ihangaike kutafuta mnunuzi, nimejitolea mimi mwenyewe, kwa uchungu wa kifamilia, kuinunua kwa bei hiyo hiyo. (Miguno. Kiti kinaanguka.) Naona Shangazi ameinua mkono. Mpeni kipaza sauti.

(Shangazi anakikataa. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na Mfumo wako. Umesema nyumba zetu ni sawa. Basi niuzie wewe ya kwako. Nne ninazo humu mkobani." Anamgeukia mwoka mikate. "Na huyu nitamuuzia zote mbili." Ukumbi unalipuka. Mwenyekiti wa Mtaa anauliza nani anaunga mkono. Mikono yote inainuka, isipokuwa wa dereva wa mheshimiwa anayehutubia, ambao unasitasita, kisha nao unainuka.)

Tusiharakishe, ndugu zangu. Shangazi, shikamoo tena. Nyumba yangu ina vigae, ina geti linalojifungua, ina choo cha wageni ambacho hakijawahi kuingiwa na mgeni, vitu ambavyo Mfumo hauvioni. (Sauti kutoka dirishani: "Na ya Shangazi uliiona lini?") Swali zuri. Tuendelee. (Mwenyekiti anasema thamani ikishatangazwa mkutanoni inamfunga kila mtu, mkubwa na mdogo, na anamwagiza karani aandike.) Karani, mwanangu, pumzisha kalamu kwanza.

Nahitimisha. Mfumo, oyee! (Ukumbi: "Nne.") Thamani kwa wote! (Ukumbi: "Nne.") Asanteni.

Nawashukuru kipekee wafadhili wetu, ambao hawajatoa chochote. Wataalamu wetu, ambao hatujawaajiri. Na shemeji yangu, aliyetuazima televisheni yake iliyo chini ya kitambaa hiki, ambayo tangu asubuhi mmekuwa mkiiita Mfumo nami kwa adabu sikuwakatiza. Mfumo haupo, haujawahi kuwapo, na kitu kisichokuwapo hakiwezi kukadiria nyumba ya mtu, hasa ya kwangu. Shangazi, muuzie umtakaye.

(Shangazi anafunga mkoba. Mwoka mikate anampa mkono kumwinua, na wanatoka wakizungumzia ule mlango, kama utabaki au Shangazi ataondoka nao.)

Kwa wageni wa meza kuu, chai imeandaliwa, na hiyo ipo kweli.

(Chai ipo. Mikate haipo.)