Mawe Wagonjwa wa Ainabkoi

Krrrr. Krrrr. Fiiiii.

Sauti hiyo ilifika Ainabkoi kabla yetu. Ukungu wa huko asubuhi ni mzito kama uji wa mtu mwenye ng'ombe wengi, na wananchi waliokuwa wakikamua waliacha kukamua, wakajiuliza ni mnyama gani analia vile. Hakuwa mnyama. Kilikuwa kipaza sauti cha serikali, kimefungwa juu ya Landrova, na aliyekishikilia nilikuwa mimi.

"Wananchi watulivu wa Ainabkoi!" nilitangaza. "Serikali yenu imeunda Tume ya Utafiti wa Ushuru, Ufanisi wa Tiba na Masoko ya Fedha. Tume imekuja kuwatafiti. Msikimbie. Mtu akitafitiwa haumii."

Mbwa walibweka. Niliandika: mapokezi mazuri.

Mimi ni Murunga, karani wa takwimu, na pia malenga. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole huku nikilinda magunia ya mahindi stesheni, na anayedhani karani hawezi kutunga, aje tupambane mchana kweupe. Nasema haya ili ijulikane kwamba taarifa hii imeandikwa na mtu wa kazi mbili anayelipwa kwa moja.

Mkuu wa Tume alikuwa Bwana Phineas Gathogo, mkazi wa Elgon View, mtaa wa wenye nazo kule Eldoret, mtu aliyeujua uchumi mpaka ukaonekana tumboni mwake. Miaka ile walowezi walikuwa wanauza mashamba na kwenda zao. Watu waliokuja Ainabkoi kutoka kila upande walikuwa wamechanga, wakanunua hisa za Kampuni ya Tuinuane, na kampuni ikanunua shamba la mzungu mmoja na kila kilichokuwa juu yake. Nyumba yake ya maziwa, yenye sakafu ya saruji na madirisha mapana, wakaigeuza zahanati. Humo alifanya kazi dresa mmoja, yaani mfunga vidonda, Shitanda, ambaye wote walimwita daktari kwa kuwa hakukuwa na daktari wa kukasirika.

Kazi ya Tume ilikuwa rahisi: kupima kama zahanati ile ina ufanisi. Ikionekana haina, ifungwe, na nyumba iwe mahali pa Tume kupumzikia Jumamosi na Jumapili. Bwana Gathogo, ambaye hakupenda kupoteza wakati wa umma, alikuwa ameshapima madirisha kwa ajili ya mapazia.

"Mkifunga hapa, bibi ya kijana wangu atazalia wapi?" aliuliza mwanamke mmoja mfupi, blanketi begani, amesimama mbele ya Landrova kama lango. Huyo alikuwa Mama Wahu, mwanahisa wa kwanza wa Tuinuane. Kando yake alisimama Njambi, huyo bibi ya kijana, na tumbo lake lilikuwa limefika kabla yake. "Eldoret ni mbali na barabara ni matope. Azalie kwa lori ya pareto?"

"Mama," alijibu Bwana Gathogo bila kushuka, "hilo ni jambo la mtu binafsi. Sisi tunashughulika na uzazi wa jumla."

"Basi huyo wa jumla akishikwa na uchungu, mtaniita?"

Niliandika: wananchi wana hamu ya kushiriki.

Sasa, Ainabkoi kuna desturi ambayo Tume haikuwa imearifiwa rasmi. Mgonjwa hufika zahanati alfajiri, anaweka jiwe lake katika foleni, kisha anarudi kukamua na kupalilia. Jiwe linamkalia nafasi. Foleni ikisonga, aliyepo anayasogeza mawe yote kwa mguu, kwa heshima. Hakuna anayeruka jiwe la mwenzake. Afadhali uibe mbuzi, maana kwa kesi ya mbuzi utapata wakili wa kukutetea.

Bwana Gathogo hakutaka kuchafua viatu. Alitazama foleni akiwa garini, kwa darubini.

"Murunga, wako wagonjwa wangapi?"

"Mzee, mimi naona mawe."

"Unaona nini?"

"Wagonjwa, mzee."

"Wana hali gani?"

"Wametulia sana, mzee. Mmoja ana kutu kidogo." Huyo alikuwa mkebe.

Mama Wahu alicheka mpaka blanketi likaanguka. "Hayo ni mawe, wewe! Enyewe yako na afya kutushinda sisi."

"Mama, usimfundishe mtafiti kutafiti," alisema Bwana Gathogo, lakini neno lile *afya* lilimwingia. Alishinda garini akipiga hesabu. Jioni alitoa matokeo yake ya kwanza, nayo yaliishangaza hata Tume, yaani mimi na dereva: wagonjwa wa mawe hawalalamiki, hawakohoi, hawamezi dawa hata tembe moja, na hakuna aliyefariki. Hakuna hospitali yoyote duniani yenye ufanisi kama huo. Kilichoharibu rekodi ya zahanati ya Ainabkoi ni watu.

Hapo ndipo ulipozaliwa Mpango wa Jiwe. Kuanzia siku ile mgonjwa rasmi alikuwa jiwe. Mtu alikuwa mwakilishi wa jiwe tu, na asiye na jiwe hakuwepo. Kwa kuwa jiwe halihitaji dawa, dawa zote zilitangazwa kuwa ziada zikapakiwa kwenye Landrova, pamoja na mablanketi, zisije zikaharibika kwa kutumiwa. Shitanda aliachiwa kipimajoto. Mimi nilitunga ubeti mmoja nikaubandika mlangoni:

*Jiwe halina kelele, jiwe haliombi uji,*
*Halisukumi wa mbele, wala halitaki maji,*
*Latulia pale pale, kuliko wana wa mji,*
*Ewe mgonjwa wa nchi, jiwe liwe mwalimuo.*

"Mizani iko sawa," alisema Shitanda baada ya kuusoma. "Ni akili tu imepungua."

Nilimwambia arudie maneno hayo. Akayarudia. Nikamsamehe, kwa sababu alikuwa mtu wa kwetu na alikuwa mrefu.

Mgonjwa rasmi lazima alipe ushuru. Bwana Gathogo aliamuru mizani ya zamani ya maziwa itolewe stoo, na kila jiwe likapimwa. Jiwe zito ni jiwe lenye uwezo, alieleza, na mwenye uwezo huchangia zaidi. Siku hiyo Mama Wahu alifika kabla ya watu wote, amebeba mgongoni jiwe lake la kusagia, zito kama dhambi ya kiongozi, akaliweka mbele kabisa.

"Mama, utalipa ushuru mkubwa," nilimwonya.

"Nitalipa. Hili ni la Njambi. Nyanya yangu alisagia juu yake na halijawahi kusongezwa na mtu."

Wengine hawakuwa na moyo huo. Kesho yake foleni ilikuwa ya kokoto. Bwana Gathogo, akiona mapato yamekonda, akaweka ushuru wa pili kwa mawe yaliyopungua bila idhini. Wananchi wakasoma tangazo kwa makini kama mtu anayekagua hati ya shamba, wakaona limetaja jiwe, kokoto, tofali na mkebe. Halikutaja mahindi. Basi asubuhi iliyofuata, nyuma ya jiwe la Mama Wahu, foleni yote ilikuwa punje za mahindi, moja moja, zimejipanga mpaka kwenye ua.

"Je, punje inaweza kuugua?" nilimuuliza mkuu.

"Jambo la maana si hilo, Murunga. Jambo la maana ni kwamba inabebeka. Hii ni hisa!"

Na kweli, watu wa Ainabkoi walizijua hisa kuliko walivyojua kwinini. Punje ya mbele ilibadilishwa kwa debe la viazi. Ya katikati, kwa siku moja ya kupalilia. Ya nyuma, kwa habari za jirani. Anayetaka jino ling'olewe leo alimtafuta mwenye punje ya leo. Mchana palikuwa na kelele kama mnada wa ng'ombe.

"Nani ako na ya mbele? Ya mbele hapa!"

"Yangu inasonga, hii! Ya jana iko wapi sasa? Imeshaingia!"

"Hiyo yako imeoza, Waweru, ina mdudu!"

"Mdudu ni faida. Unanunua moja, unapata mbili!"

Bwana Gathogo alisimama kwenye kiti cha Landrova, macho yamemtoka kwa furaha ya kitaalamu. Soko la fedha, katikati ya Uasin Gishu! Na kwa kuwa mtafiti mwema hushiriki anachokitafiti, naye akaanza kununua, kwa niaba ya utafiti. Alilipa kwa mablanketi ya zahanati. Kufikia jioni alikuwa anamiliki foleni nzima, isipokuwa nafasi ya kwanza. Mgonjwa yeyote wa Ainabkoi, hata akiumwa na nyoka, angelazimika kumnunulia yeye ruhusa ya kuugua.

"Mama Wahu," alisema, "niuzie hilo jiwe. Sema bei."

"Jiwe haliuzwi."

"Kila kitu kinauzwa, mama."

"Basi niuzie hilo tumbo lako, Njambi apumzike."

Soko lilifunguliwa tena asubuhi, ukungu ukiwa bado chini. Lililofuata nimelieleza katika taarifa rasmi kama *marekebisho makali ya soko yaliyoletwa na wawekezaji wa nje*. Kwa lugha ya barabarani: kuku wa Kipyego, jirani wa zahanati, walivuka ua wakala foleni.

Waliila kwa utaratibu, kuanzia nyuma kwenda mbele, bila kusukumana. Wagonjwa wote wa wilaya ndogo ile waliisha kabla chai haijachemka.

"Kipyego!" alinguruma Bwana Gathogo. "Kuku wako wamekula uchumi!"

"Kuku yangu haijui uchumi, mzee," alisema Kipyego, ameegemea fimbo. "Inajua mahindi."

"Wakamate! Yule mwekundu! Ana hisa zangu za wiki mbili zijazo!"

Kwa mara ya kwanza tangu tufike, Mkuu wa Tume alishuka garini. Alimkimbiza yule kuku mwekundu akizunguka nyumba ya maziwa, tumbo likitangulia, tai ikifuata, mpaka nyuma, kwenye mteremko ambapo maji ya kuoshea vyombo vya mzungu yalikuwa yamerutubisha ardhi. Hapo thabai huota hadi kifuani, ule mmea wenye majani ya kuwasha ambao hata mbuzi huupita kwa adabu. Kuku aliruka. Bwana Gathogo aliteleza. Suruali yake, ambayo ilikuwa imebeba jukumu kubwa kwa miaka mingi, ilipasuka nyuma kote, na Mkuu wa Tume ya Utafiti akakaa.

Yowe lile lilisikika, naambiwa, mpaka stesheni.

Tulimtoa. Hakuweza kukaa, wala kuegemea, wala kukumbuka Kiingereza. Dereva alisema twende Eldoret haraka, lakini kwenda Eldoret kulihitaji kukaa. Basi akapelekwa zahanati, akitembea kama mtu aliyebeba yai mahali pasipofaa.

Shitanda alikuwa mlangoni. Nyuma yake tulisikia Njambi akihema, maana uchungu ulikuwa umemshika alfajiri ile ile. Katika nafasi ya kwanza, jiwe la kusagia lilikuwa limetulia kizingitini. Kuku walilidonoa wakaliacha.

"Daktari!" alilia Bwana Gathogo. "Nipake kitu!"

"Pole, mzee. Jiwe lako liko wapi?"

"Nilikuwa na punje! Foleni yote ilikuwa yangu!"

"Iko wapi?"

"Imeliwa!"

Shitanda alitikisa kichwa kwa huzuni ya kiofisi. "Mgonjwa aliyeliwa hayumo katika Mpango. Na wewe bila yeye hupo. Mimi sasa naongea na hewa."

"Shitanda, nakuamuru!"

"Hewa inaniamuru," alisema Shitanda, akaingia ndani kwa Njambi.

Tulingoja. Bwana Gathogo alishika ukuta kwa mikono miwili, matako ameyaelekeza upande wa upepo. Watu walikusanyika, wengine wamejifunika mablanketi waliyolipwa, wakamtazama kwa utulivu uleule alioupenda kwa darubini. Nilitaka kumtungia ubeti wa kumliwaza, ila vina vyote vilivyonijia vilikuwa vya aibu.

Ndipo mtoto akalia ndani. Kilikuwa kikohozi kwanza, kisha kilio chenyewe, kipana, cha mtu asiye na mpango wa kutulia. Akina mama wakapiga vigelegele, na kuku wa Kipyego wakakimbia.

Mama Wahu alitoka, mikono imelowa, macho pia.

"Msichana," alisema. "Analia kama mwenye shamba." Kisha akamgeukia Bwana Gathogo, akamzunguka, akatazama hasara. "Ngai! Mzee, hii inataka dawa ya kupaka."

"Ndiyo, mama, tafadhali!"

"Iko wapi?"

Watu wote wakatazama Landrova, ambako dawa zote za Ainabkoi zilikuwa zimefungwa kamba kama ziada.

"Zishushe, Murunga!" alilia mkuu. "Zishushe!"

Nilianza kukimbia. Mama Wahu akaninyooshea kidole. "Wewe mshairi, ngoja. Akipona atazipakia tena. Kwanza aahidi hapa hapafungwi."

"Naahidi, mama! Nakuahidi!"

"Usiniambie mimi. Mimi ni mwakilishi tu." Alionyesha kizingiti. "Mgonjwa rasmi ni huyu. Ushuru amelipa. Mwambie yeye. Na uongee kwa ile chombo, mpaka walio shambani wasikie."

Nilimtazama mkuu wangu. Mkuu wangu alitazama thabai. Nikaenda nikakifungua kipaza sauti juu ya gari, nikakileta.

Bwana Phineas Gathogo wa Elgon View alijaribu kupiga magoti, akashindwa, akainama kadiri alivyoweza, na sehemu iliyobaki ya suruali yake ikaipungia Ainabkoi. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Mashambani watu walisimama, majembe mkononi.

Krrrr. Krrrr. Fiiiii.

"Jiwe," alisema, na sauti yake ikaenda mpaka mwisho wa shamba na kurudi. "Jiwe la Mama Wahu. Mimi, Mkuu wa Tume, nakuahidi mbele ya watu hawa wote: zahanati hii haitafungwa. Dawa zinashuka sasa hivi. Mapazia nitayaleta, lakini ni ya kumkinga mtoto na baridi. Na siku yoyote nikiugua tena, nakuahidi, nitakuja kwa miguu, na nitapanga foleni nyuma yako."