Kwa Nini Ng'ambo ya Korongo Wanazaliana Kuliko Sisi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji cha Chilendu, Mzee Obedi, waheshimiwa madiwani, wachungaji, mashehe, akina mama wa ngoma ya muheme, na wadau wote wa maendeleo kwa vyeo vyenu, mliopata viti na mliokosa, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi Ambokile, Mratibu wenu wa Takwimu za Uzazi, nimetoka Nzuguni alfajiri bila hata chai ili niwaletee matokeo ya utafiti shirikishi uliofuatilia vizazi vya pande mbili za mpaka huu tangu enzi za mkoloni, na uliobaini pasipo shaka kwamba kwa kila watoto kumi wanaozaliwa Mwitanga, ng'ambo ya korongo, hapa Chilendu anazaliwa mmoja. (Minong'ono.)

Wataalamu wangu walidhani ni mlenda. Tukapima mlenda wao na wenu, tukaonja na mvinyo wa Makutupora kwa kulinganisha, tukarudia kuonja, ikaonekana chakula ni kilekile na watu ni walewale, mnaoana na kuzikana. Kwa hiyo tofauti hii ni tunda la elimu ya uzazi wa mpango niliyoisimamia mimi binafsi. (Sauti ya mama: "Tunakwenda kujifungulia kule, wao wana wodi.") Asante, mama. Maswali mwishoni.

(Vurugu upande wa wanawake.) Naambiwa Yudith, mke wa Lameck, ameshikwa na uchungu. Avushwe haraka. (Mwenyekiti: "Mheshimiwa, korongo limejaa maji. Hata gari lako halipiti.") Basi vumilia kidogo, dada yangu, nimebakiza kurasa chache tu za mkakati jumuishi, awamu ya tatu, kipengele cha upembuzi yakinifu. (Hakuna anayesikiliza. Bibi Evelina, mkunga wa jadi, anaagiza maji ya moto.)

Chilendu hoyee! (Akina mama wanamzunguka Yudith.) Uzazi salama hoyee! (Mtoto analia. Vigelegele, ngoma.)

Ahsanteni. Nimefarijika mno kwamba Wodi ya Wazazi ya Chilendu, niliyokuja kuizindua, imepokea mtoto wake wa kwanza hata kabla sijakata utepe. Namshukuru Bibi Evelina kwa utaalamu, Mwenyekiti kwa kiwanja, na kipekee nawashukuru akina mama mliovua khanga zenu mkazishika kuwa kuta. Naomba msizishushe kwanza, mpiga picha hajamaliza.